Nyigu na Makayabu ya Mama

Nyigu niliyemsomea chuoni ni mdogo kuliko punje ya mchele, hawezi kumuuma mtu, na hana adabu hata kidogo. Kazi yake ni kumtafuta kiwavi anayekula muhindi, kumdunga, na kumwachia mayai ndani ya mwili. Watoto wakianguliwa wanamla kiwavi kutoka ndani, polepole, akiwa hai, na yeye bado anatafuna majani kama mwenye nyumba asiyejua kwamba wapangaji wanabomoa kuta. Laborantini wetu, fundi wa maabara, papa mmoja (yaani baba mtu mzima) mwenye kipara ambaye Jumapili alikuwa shemasi na siku nyingine zote mtukanaji, alikuwa akichungulia kwenye hadubini na kusema, "Mungu aliumba hii kitu siku gani? Alikuwa na hasira na nani?" Nilimjibu kwamba aliiumba ili mimi nipate diploma.

Shida ya nyigu ni kumpata huyo kiwavi. Shamba ni kubwa, kiwavi amejificha ndani ya majani, na nyigu mwenyewe anaishi siku chache, hana muda wa kutangatanga. Basi anafuata harufu, kwa vipapasio viwili vya kichwani. Na ajabu ni kwamba harufu nyingi hakuzaliwa akizijua. Anajifunza. Akikuta mavi ya kiwavi (samahani, lakini ni mavi, kwa Kifaransa tuliandika neno zuri ili wazee wa jury, watahini wetu, wasikunje uso) anayapigapiga kwa vipapasio, na harufu yoyote iliyo jirani wakati ule anaiweka kichwani. Mwekee mavi pamoja na vanille mara mbili tatu, na kesho ataruka mpaka kwenye vanille akiamini kiwavi yuko hapo. Mimi kujifunza kusoma kulinichukua miaka miwili na fimbo. Yeye anahitaji chini ya dakika moja na mavi.

Ndiyo ilikuwa mémoire yangu, kazi ya mwisho ya kumaliza chuo: mavi na vanille. Viwavi tuliwatoa kwenye mashamba ya upande wa Masako, wengine wakiwa tayari na nyigu ndani. Vanille ilitoka nyuma ya nyumba ya profesa wangu msimamizi, ambaye alihesabu kila tunda kama mtu anayehesabu mbuzi.

Sasa mama. Mama yangu anauza makayabu. Kwa asiyejua, makayabu ni samaki wa bahari aliyepasuliwa, akajazwa chumvi, akakaushwa mpaka akawa ubao, kisha akapanda mto kwa bato, meli ya mtoni, kutoka Kinshasa, wiki juu ya wiki, mpaka Kisangani. Sisi ni familia ya wavuvi, tunakaa kando ya maporomoko, samaki wabichi wanatolewa majini karibu na mlango wetu, na mama anauza samaki aliyefia nchi nyingine. Ukimuuliza sababu, anakuambia, "Samaki mubichi anakungoja saa mbili. Makayabu anakungoja mwezi muzima." Hapo mjadala unakwisha.

Makayabu na pondu, majani ya muhogo, na mawese juu, sibishani na mtu, ni chakula cha kumfanya mtu asahau deni. Lakini kabla ya kuloweshwa na kupikwa inanuka, na haina haya. Inaingia kwenye nywele, kwenye godoro, kwenye Biblia. Kila alfajiri kabla ya masomo nilikuwa namsaidia mama kuikata kwa panga na kuipanga mezani sokoni, kisha nanawa, kisha naenda shule nikinuka vilevile. Sekondari, wasichana wa benchi langu walikuwa wanafungua dirisha nikiingia, hata mvua ikinyesha. Niliwaambia mama yangu anauza vitenge. Hakuna aliyeniamini, maana hakuna kitenge duniani kinachonuka vile.

Nikaingia chuo na mipango miwili: kumaliza, na kutonuka. Na huo wa pili ulikuwa na sharti lake, kwamba mama asijue kamwe. Makayabu ndiyo iliyonisomesha tangu kalamu ya kwanza. Mama mwenyewe hakufika mbali na shule, lakini alimwambia kila mteja kwamba mutoto yake anasomea manyigu, na mteja akicheka alimpimia kipande kidogo. Ningependa kushindwa mtihani mara tatu kuliko yeye ajue kwamba ninamwonea haya. Haya niliyokuwa nayo ilikuwa kubwa, lakini woga wa yeye kuijua ulikuwa mkubwa zaidi.

Tufike laboratwari. Tulikuwa na bomba la kioo lenye umbo la herufi Y. Nyigu unamwingiza chini, upepo unamjia kutoka matawi mawili, tawi moja lina vanille na jingine halina kitu, na yeye anachagua pa kwenda. Kila tawi lilikuwa na pampu yake ndogo, ya zile za kupulizia hewa samaki wa kufugwa, na hewa ilipita kwanza kwenye makaa yaliyotwangwa ili isafishwe. Vitabu vinataka makaa maalum. Yetu yalikuwa ya kupikia, tuliyatwanga kwenye kinu cha mke wa laborantini, na yeye alitutukana mwezi mzima kwa sababu pondu yake ilikuwa inatoka nyeusi. Vibanio vya kushikia mavi ya kiwavi vilikuwa vimevunjika tangu kizazi kilichotutangulia. Nilitumia vidole.

Wiki ya kwanza nyigu wote walikwenda kushoto. Tuliweka vanille kulia: kushoto. Tukaiweka kushoto: kushoto, nikashangilia, nikamkumbatia papa laborantini. Tukairudisha kulia: kushoto. Tukasema labda ni mwanga, tukageuza meza. Tukasema labda kioo ni kichafu, tukakiosha mpaka karibu kipasuke. Papa laborantini akasema labda kuna mtu amenitupia ulozi, na aliposema hivyo hakuwa anatania sana.

Siku moja niliacha kiti nikaenda kujisaidia, na choo chetu si cha kwenda na kurudi upesi. Niliporudi, papa alikuwa amesimama mikono kiunoni.

"Ulipotoka, nyigu ine zilienda kwa vanille," alisema. "Bien. Ikala."

Nikakaa kwenye kiti changu, kando ya pampu ya kushoto, kwa sababu hapo ndipo kiti kilipokuwa siku zote. Akaingiza nyigu. Kushoto.

"Simama. Ikala huku, kuume."

Nikahamia kulia. Akaingiza mwingine. Kulia, mbio, bila hata kusimama kwenye njia panda.

"Ah non," alisema papa. "Hizi nyigu hazina ugonjwa. Iko weye. Zinakufata weye!"

Kisha akanikaribia, akashika mkono wangu, akauinua mpaka puani mwake, akanusa kama mama anayenusa sufuria ya jirani. Hakuona aibu yoyote.

"Makayabu," alisema. "Tena ya chumvi mingi."

Nilitaka ardhi ipasuke initie ndani. Nilimtukana matusi yote ninayoyajua, ya Kiswahili na ya Lingala, kimoyomoyo, kwa sababu ni papa na ana umri wa baba yangu. Lakini alikuwa na haki. Kila mara nilipowafundisha nyigu, nilishika mavi kwa vidole, na vidole vilikuwa vimetoka kukata samaki. Vanille ilikuwa pale inanukia kwa heshima zake, na juu yake nilipita mimi. Wao walijifunza somo moja tu: penye makayabu pana kiwavi. Na pampu iliyokuwa kando yangu iliwapulizia makayabu, makaa yetu ya kupikia yakashindwa kuisafisha.

Basi nikaanza kunawa. Ndimu, majivu, sabuni ya mawese, alkoli ya laboratwari. Nikaacha hata kugusa samaki asubuhi, nikamwambia mama nina masomo mapema. Wapi! Harufu ilikuwa kwenye misuko, kwenye daftari, kwenye sidiria. La kuvunda halina ubani, wanasema, na mimi nilikuwa ushahidi unaotembea. Nyigu waliendelea kunifuata kama mapadri wanaofuata sadaka. Profesa akaniita, akanitazama juu ya miwani, akasema, "Badilisha nyumba, ao badilisha mada." Mwaka wa kumaliza ulikuwa umebaki miezi michache. Mada haikubadilika.

Nilihamia Simi-Simi kwa binamu yangu, binti wa mama mkubwa, ambaye ni mshona nguo na nyumba yake inanuka mafuta ya cherehani tu. Mama nilimdanganya kwamba kule kuna kourant, umeme, na nahitaji kusoma. Kourant ya Simi-Simi ilikuwa kama ya kwetu, ya kusimuliwa. Na niseme ukweli hapa, kwa kuwa naandika na hakuna anayenikatiza: nyigu walinipa sababu niliyoitafuta tangu sekondari. Hata kama wangeacha kunifuata, ningehama. Nililala kwenye godoro lisilonuka kitu. Nilipanda toleka, baiskeli yetu ya kubeba abiria, na dereva hakugeuza uso pembeni. Ilikuwa raha, nakuambia, raha kweli, na nilijichukia kidogo tu.

Nyigu wapya, niliowafundisha kwa mikono ya Simi-Simi, walikwenda kwenye vanille kama wanafunzi wa masista. Papa laborantini alipiga makofi.

Lakini sokoni, msichana wa mwaka wa mwisho akihama kwao, jibu ni moja, na halina uhusiano na kourant. Jumapili ya tatu nikasikia mtu anabisha hodi. Mama alikuwa mlangoni na sufuria kichwani. Aliishusha, hakunisalimu, akaweka kiganja kwenye tumbo langu na kuminya.

"Iko ya nani?"

"Nini, mama?"

"Mimba."

"Hakuna mimba, mama!"

"Basi iko mwanaume."

"Hakuna mwanaume."

"Sasa ulitoka kwangu juu ya nini?"

"Kourant, mama. Nilikuambia."

Akatazama balbu juu. Akaenda ukutani, akabonyeza, akabonyeza tena. Balbu ilitulia.

"Nasikia," alisema, akafunua sufuria. Pondu na makayabu, ya moto, amebeba kutoka maporomoko mpaka huku juani. Binamu alijirusha kama hajala tangu Noeli. Mimi nilitafuta uma. Nyumbani kwetu hakuna mtu anayekula pondu kwa uma, hata wageni wa kanisa.

"Uma ni ya nini? Iko moto?" aliuliza mama.

"Nimekata kidole," nilisema, nikaficha mkono mzima kabisa chini ya meza. Akaniangalia kidogo, kisha akaniongezea kipande.

Kesho yake nyigu wote niliowafundisha asubuhi walikuja upande wangu tena. Uma haukusaidia kitu. Kazi ya siku nzima ikaenda bure, na papa laborantini alipojua chakula kilikuwa nini, alichokasirikia ni kwamba hakuletewa.

Nilipoanza kuandika, nilitaka kuitupa ile habari yote ya kushoto na kulia. Ni makosa, nilimwambia profesa, tuandike vanille peke yake. Profesa akakasirika. "Vanille kila mutu anajua," alisema. "Lakini makayabu? Kiwavi na bahari vinakutana wapi? Nyigu anajifunza harufu ambayo babu yake na babu ya babu yake hawajaisikia, anaifuata, na weye unataka kutupa? Andika!" Nikaandika, kwa Kifaransa cha kujificha: kwamba kulikuwa na harufu ya kigeni, iliyoletwa na "opérateur", yaani anayeendesha jaribio. Profesa akazungushia kalamu nyekundu: harufu gani? Neno makayabu sikutaka liwe mle. Nikaandika "poisson salé", samaki wa chumvi. Ilionekana safi, kama kitu kinachouzwa dukani na mtu mwenye viatu.

Siku ya kutetea mémoire, familia huja na chakula, ndiyo desturi, na jury haikosi njaa. Mama nilimwambia ni saa nane mchana. Ilikuwa saa nne asubuhi. Nilifanya kusudi, ndiyo. Saa tatu nilimkuta tayari amekaa safu ya mbele, kitenge kipya, sufuria tatu miguuni, na papa laborantini kando yake. Huyo papa ndiye aliyemwambia saa ya kweli, alipokwenda sokoni kununua kipande chake.

Nilizungumza vizuri. Kifaransa mama hakijui, alikuwa anatikisa kichwa kila nilipopumua. Nilipomaliza, mama profesa mmoja wa jury, mwenye sauti ya chini, akafungua ukurasa.

"Huyu opérateur ni nani?" aliuliza kwa Kifaransa.

Papa laborantini, Mungu ambariki, akainua kidevu kunionyesha kwamba yuko tayari, nimtaje yeye. Ingekuwa rahisi. Lakini yule mama profesa alikuwa ananiangalia mikono.

"Ni mimi," nilisema.

"Na samaki wa chumvi alitoka wapi? Mulikuwa na samaki ndani ya laboratwari?"

"Hapana. Ma mère vend du poisson salé," nilisema: mama yangu anauza samaki wa chumvi.

Ukumbi ukalipuka. Walicheka wanafunzi, akacheka profesa wangu, akacheka hata mwenyekiti wa jury aliyekuwa amesinzia. Hakikuwa kicheko kibaya. Mama profesa aliandika kitu, akasema hilo ndilo jibu la kwanza la kweli alilosikia wiki ile. Nikapata distinction, alama ya juu. Nilidhani nimepona: nimesema ukweli mbele ya watu wote, na mtu mmoja aliyeuhusu hakuusikia.

Kwenye korido mama alinikumbatia mpaka mgongo ukalia.

"Nilisikia!" alisema. "Ulisema biashara yangu mbele ya maprofesa. Poisson salé! Iko imeandikwa kwa karto zote za samaki, nafungua karto kila siku, unafikiri sijui? Poisson salé, na ma mère. Iko mimi!"

Machozi yalimtoka, ya furaha. Nikasema ndiyo, mama, ni weye. Ningeishia hapo hata leo.

"Walichekea nini?"

"Walifurahi, mama."

Ndipo papa laborantini akatoka, amejaa furaha, sahani tayari mkononi. "Mama, aksanti!" alisema. "Huyu mutoto iko na akili. Kama hangekimbia harufu na kwenda Simi-Simi, zile nyigu zingemufata mpaka leo!" Akapita kwenda kwenye sufuria.

Mama aliniachia mabega. Hakupandisha sauti.

"Simi-Simi ilikuwa juu ya harufu?"

"Nyigu zilikuwa zinanifuata, mama. Kazi ilikuwa inaharibika."

"Juu ya nyigu tu?"

Ningeweza kusema ndiyo. Nusu yake ni kweli, na imeandikwa, ina muhuri. Ndani walikuwa wanagonganisha sahani na kuita mama wa sherehe yuko wapi. Yeye alikuwa ananingoja, machozi ya kwanza hayajamkauka, na kwa Kiswahili sikuwa na mahali pa kujificha.

"Hapana, mama," nilisema. "Si juu ya nyigu tu. Ni tangu sekondari."

Akaunusa mgongo wa mkono wake, mara moja, upesi, kisha akaufuta kwenye kitenge kipya.

"Afazali ingekuwa mimba," alisema. "Mimba inatoka kisha miezi tisa."

Akaingia ndani kuwapakulia maprofesa. Nilimwona kupitia mlango anampa yule mama profesa kipande kikubwa, anacheka naye. Wote aliwaita mmoja mmoja waje kula, hata mlinzi wa getini. Mimi hakuniita.